Maswali ya Wasomaji: Wanyama, Mlima na Watu Ndani ya Safari Moja

Meseji za mwezi huu karibu zote zimegusa kitu kimoja, watu hawataki tena safari ya kukaa kwenye gari tu, uone simba, upige picha, urudi nyumbani, wanataka na kutembea kwa miguu na kukaa kidogo na wenyeji wa huko. Nimefurahi sana kusoma. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu ndani yake kuna mambo yanayomgusa kila anayepanga, kwa hiyo hata kama swali siyo lako lisome tu.

SWALI: Shikamoo Anti. Sisi ni marafiki sita wa Dodoma, tumeanza kuchanga hela kwa ajili ya safari ya siku kumi mwakani. Tunataka wanyama, tunataka mlima, na tunataka kuona watu wanavyoishi. Listi yetu ni Tarangire, Manyara, Natron, Serengeti, Ngorongoro, Eyasi, Kilimanjaro, halafu tumalizie Zanzibar. Tutaweza?
*Marafiki Sita, Dodoma*

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Hamtaweza, na bora niwaambie sasa hivi kabla hela haijatoka. Kilimanjaro peke yake ni siku tano mpaka nane kutegemea na njia mtakayopita, na wanaobana siku ndio wengi wao wanaoshushwa kichwa kinapasuka na matapishi juu, kwa sababu mwili haukupewa muda wa kuzoea hewa nyepesi, mlima una mita 5,895 ule, hauna haraka na mtu. Kwa hiyo Kilimanjaro ikae kama safari yake yenyewe mwaka mwingine, na Zanzibar hivyo hivyo.

Mlima lakini mtaupata, nitaufikia.

Kitu cha kwanza chagueni mwezi, ndiyo mje kwenye majina ya hifadhi. Watu wanafanya kinyume, wanalipia Tarangire mwezi wa nne halafu wanalalamika tembo hawapo, wakati masika maji yapo kila mahali na tembo wametawanyika huko nje ya hifadhi. Kiangazi ndiyo mto Tarangire unabaki tegemeo, kila mnyama anausogelea, unakuta makundi ya tembo chini ya mibuyu mpaka dereva anazima gari mkae tu. Nyumbu nao wana ratiba yao, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu wako kusini, Ndutu na nyanda za kule, na hasa mwezi wa pili ndiyo wanazaa kwa wingi, halafu wanapanda magharibi kuelekea mto Grumeti, na kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi wanakuwa kaskazini kwenye mto Mara, mvua za vuli zikianza wanarudi kusini. Ratiba yenyewe inasogea kidogo kila mwaka kwa sababu wao wanafuata mvua na majani. Kwa nyinyi mnaotaka na mlima, nendeni kati ya mwezi wa saba na wa tisa, ni kukavu na njia zinapitika.

Baada ya hapo angalieni ramani, siyo listi. Kutoka Arusha mpaka Seronera katikati ya Serengeti ni zaidi ya kilomita 300, lami inawaacha geti la Lodoare pale Ngorongoro, mbele ya hapo ni vumbi na kutikisika, ukiweka na foleni ya geti siku imeisha. Ndiyo maana napenda mzunguko ambao haurudi njia ile ile.

Anzeni Arusha, mlale usiku mmoja Tarangire, kesho yake asubuhi mzunguke tena maana saa za mwanzo ndiyo simba na chui wanaonekana bado hawajajificha jua, mchana mwende Mto wa Mbu. Pale msiwe na haraka. Ni mji mdogo ambao watu wa makabila mengi walihamia kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji, mnakodi baiskeli mnapita kwenye migomba na mashamba ya mpunga na mwenyeji wa pale pale, mnaona wachongaji wa Kimakonde wakifanya kazi, mnakula chakula kilichopikwa na kina mama kwenye nyumba zao. Manyara iko hapo hapo pembeni ila kwenye hii ratiba mimi ningeiruka.

Kutoka Mto wa Mbu mnakata kaskazini kwenda Engaresero, kijiji kilichoko kusini mwa ziwa Natron. Barabara ni ya vumbi na mawe na njiani kuna ushuru wa halmashauri, muulizeni mwenye kampuni kama ameshaujumlisha kwenye bei au mtatoa mfukoni. Hapa wekeni usiku tatu. Najua mtasema nyingi, lakini hapa ndipo yale mambo yenu matatu yanakutana sehemu moja. Kuna heroe wadogo, wale ndege wanaoitwa flamingo, Natron ndiyo sehemu yao kuu ya kuzaliana Afrika Mashariki, kuna maporomoko ya Ngare Sero ambayo mnayafikia kwa kutembea ndani ya maji kwenye korongo, kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano, na kuna Wamasai wa kijiji hicho ambao ndio watakaowapandisha mlima.

Mlima wenyewe ni Ol Doinyo Lengai, kwa Wamasai ni mlima wa Mungu. Urefu haufiki mita 3,000 kwa hiyo tatizo la hewa ni dogo ukilinganisha na Kilimanjaro, ila msiudharau, ni mwinuko mkali kuanzia chini mpaka juu, unakanyaga majivu yanateleza, na mnaanza kupanda kama saa sita usiku ili jua lisiwakute njiani. Ni volkano hai, ulilipuka kwa nguvu 2007 na 2008, na ndiyo volkano pekee inayojulikana kutoa lava ya aina yake, nyeusi na yenye joto dogo kuliko lava nyingine, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Kwa sababu hiyo muulizeni mwongozaji hali ikoje siku hiyo hiyo, akisema leo hatupandi basi leo hampandi. Tochi ya kichwani, glovu, kofia ngumu, maji ya kutosha, viatu vilivyoshika mguu. Kushuka ndiyo kunaumiza magoti kuliko kupanda, watu hawaambiwi hilo. Mkishafika chini siku hiyo msipange kitu kingine chochote, lala, kula, ongea na watu.

Halafu mnapanda ukingo wa bonde la ufa, mnapita kwa Wasonjo na mji wa Wasso, mnaingia Serengeti kwa geti la Klein's, na miezi ile mnakuwa tayari upande wa kaskazini ambako nyumbu wapo. Usiku mmoja kaskazini, mmoja Seronera ambako chui wanapenda kulala juu ya miti kando ya mto, halafu mnashuka Ngorongoro mlale kwenye ukingo. Kambi ya Simba pale juu iko kama mita 2,300 na kitu, baridi yake siyo ya mchezo, bebeni sweta nzito. Asubuhi geti likifunguliwa mteremke kwenye kreta kabla magari hayajawa mengi, faru weusi wako mle, simba wako mle, tembo wenye meno marefu wako mle, lakini msimtafute twiga, kwenye kreta hakuna. Watu wanamaliza siku nzima wanamuulizia dereva twiga wako wapi. Mlale Karatu, kesho yake Arusha.

Eyasi mtaona nimeitoa. Nimeitoa makusudi, kwa sababu mkiiingiza mtafika kwa Wahadzabe mmechoka, mtakaa saa moja na mtaondoka hamjaelewa chochote, na wale watu hawastahili kuangaliwa hivyo.

Kuhusu hela, gari ndiyo kitu kizito, Kruza moja inabeba watu sita au saba kwa hiyo nyinyi sita mmekaa vizuri, mkigawana inakuwa nafuu sana kuliko wawili. Kiingilio raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola wanazolipa wageni, ila vitambulisho viwe mkononi, na kumbukeni kibali cha hifadhi kinahesabu masaa 24 tangu muingie, mkichelewa kutoka mnalipia siku nyingine. Pangeni muda wa kuingia na kutoka na dereva mapema. Kulala kwenye kambi za umma na mpishi wenu kunapunguza gharama kuliko lodji, na kwa umri wenu naona ndiyo raha yenyewe.

SWALI: Anti habari. Nina watoto watatu, miaka 6, 9 na 13, tunaishi Dar. Baba yao ana likizo ya siku tano tu. Kila nikiulizia naambiwa Serengeti, na bei inanitisha. Hamna sehemu ya karibu?
*Mama wa Watatu, Dar es Salaam*

JIBU: Nzuri mama. Ipo, na wala usijione umepata kitu cha pili kwa ubora. Pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro, haifiki hata masaa mawili na watoto wenyewe treni kwao ni safari tayari. Siku ya kwanza tembeeni kidogo milima ya Uluguru, njia ya kwenda Morningside au kijiji cha Choma mkiwa na mwongozaji wa pale pale. Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, ardhi inafuata huko huko, mtoto wako wa miaka 13 atakuwa na maswali mengi na wazee wa kule wanapenda kueleza.

Kutoka hapo kodini gari mwende Mikumi. Barabara kuu ya Iringa inakatisha katikati ya hifadhi kwa hiyo mtaona swala na pengine tembo hata kabla ya geti, ila ingieni ndani jamani, kuchungulia kutoka barabarani siyo kuiona Mikumi. Uwanda wa Mkata una nyati, twiga, pundamilia, simba pia, na bwawa la viboko liko karibu, watoto hawatachoka. Mzunguko wa asubuhi mmoja na wa jioni mmoja unatosha, mchana waache wacheze kambini. Mtoto wa miaka 6 ukimweka kwenye gari masaa manane atakachokumbuka ni joto.

Halafu siku mbili za mwisho Udzungwa, pale Mang'ula. Udzungwa haina barabara za gari ndani, ni miguu tu. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa kama mita 170 lakini njia yake ina mwinuko, huyo wa 13 na baba yake waende na mwongozaji, wewe na wadogo mchukue njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard karibu na makao makuu. Mtaona mbega wekundu wa Udzungwa ambao hawapo sehemu nyingine yoyote duniani. Na kabla ya safari pita kwa daktari uulize habari ya dawa ya malaria kwa watoto, usinunue tu dukani kwa kukisia.

SWALI: Niaje Anti, mimi ni wa Nakuru. Mara yetu nimeizoea, safari hii nataka kuona nyumbu wakivuka upande wa Tanzania, na nisiishie kwa wanyama tu. Naweza kupitia Mara moja kwa moja?
*Kaka wa Nakuru*

JIBU: Karibu sana kaka. Moja kwa moja hapana, nyumbu wanapita ila watalii hawaruhusiwi kuvuka mpaka pale kati ya Maasai Mara na Serengeti, itabidi uzunguke Isebania na Sirari. Beba pasi yako na kadi ya homa ya manjano, na ukifika geti sema mapema wewe ni raia wa Afrika Mashariki ili utozwe kiwango chetu.

Kwa kuwa umepita Sirari basi una bahati, mkoa wa Mara wengi wanaupita mbio tu. Simama Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale 1922 na amezikwa pale, kuna makumbusho yake, na ukikaa na wazee wa Kizanaki wanaomkumbuka utasikia mambo ambayo vitabu havina. Ukiwa bado Tarime, kwa Wakuria, uliza kama kuna mtu wa kukupigia iritungu, ile ala yao kubwa ya nyuzi, sauti yake nzito inakaa kifuani. Baada ya hapo pitia Mugumu uingie Serengeti kwa geti la Ikoma.

Sasa kuvuka. Kogatende na Lamai ndiyo sehemu zenyewe, mwezi wa saba mpaka wa kumi, ila hamna anayeweza kukuahidi siku. Nyumbu wanaweza kusimama ukingoni tangu asubuhi mpaka jioni halafu wakageuka. Weka angalau siku tatu kule. Na nakuomba kitu kimoja, mwambie dereva wako akae mbali na ukingo mpaka wa kwanza wawe wameshaingia majini. Magari yanapoziba njia yao wanayumba, wanarukia sehemu yenye ukingo mkali, ndama wanakanyagwa, wanazama bure. Inaniuma sana hii, kwa sababu wanaofanya hivyo wamekuja kwa mapenzi ya wanyama hao hao. Mteja akisema "rudi nyuma" dereva anarudi, nguvu hiyo unayo wewe uliyelipa.

SWALI: Anti shikamoo. Nasoma chuo, tunataka kwenda Eyasi kwa Wahadzabe na Wadatoga kama kikundi. Rafiki yangu anasema ni kwenda kuwashangaa watu kama wanyama. Nimebaki njia panda.
*Mwanafunzi, Arusha*

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako ana hoja na usiipuuze. Nenda, ila nenda vizuri.

Wahadzabe hawazidi watu elfu moja na mia kadhaa, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali, na lugha yao haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote. Kuna ndege anayewaongoza mpaka kwenye asali, wanampigia mluzi naye anaitikia, hilo peke yake linatosha kukutoa kitandani alfajiri. Sasa mtu mwenye elimu hiyo ukimfikia saa nne, ukamwambia avue shati apige mshale kwenye gogo ukapiga picha ukaondoka, umemkosea heshima na wewe mwenyewe hujapata kitu. Laleni hapo Eyasi. Mchukue mwongozaji mwenyeji anayejua lugha yao na lipeni kupitia utaratibu wa wenyeji wenyewe, ombeni risiti. Asubuhi wakienda kuwinda nyinyi mfuate nyuma kimya, wanatembea haraka na kwenye miiba, anayejijua hawezi abaki na kina mama wanaochimba mizizi, na huko kuna mengi zaidi ya kujifunza naona mimi.

Picha uliza kwanza, akikataa shusha simu. Pombe msibebe hata chupa moja, imewaharibia sana watu wale. Pipi na hela kwa watoto pia hapana, inawafundisha kuacha shule na kusubiri magari. Mkitaka kuacha kitu ulizeni kijiji kina uhitaji gani.

Wadatoga ni wafugaji, na kati yao kuna wahunzi wanaoyeyusha vyuma chakavu na shaba wanatengeneza bangili na vichwa vya mishale, ile mishale ambayo Wahadzabe wanaipata kwao kwa kubadilishana asali na ngozi. Muulizeni mhunzi akueleze hiyo biashara ilivyo kati yao. Nunua bangili kwake, mkononi mwake, bei yake ya haki.

SWALI: Nguo gani nibebe? Fupi tu Anti.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Kaki, kijani kilichofifia, kahawia. Nyeusi na bluu acha, mbung'o wanazifuata na wanauma hata juu ya jinzi. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ni kosa kisheria kwa raia, usijaribu. Jaketi la baridi hata kama unatoka joto la Tanga, begi laini siyo sanduku gumu maana kwenye gari halikai, na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2019.

SWALI: Anti, kuna kampuni nimeipata mtandaoni ina bei nusu ya wengine, wanataka nitume hela yote kwa namba ya simu leo leo ndiyo wanishikie nafasi. Nifanyeje?
*Baba Wawili, Mbeya*

JIBU: Usitume baba, tafadhali. Omba kwanza waonyeshe leseni yao ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi wanaiita TALA, kampuni yoyote ya kutembeza watalii Tanzania lazima iwe nayo, na jina lililoko kwenye leseni liwe ndilo lililoko kwenye akaunti ya benki. Namba ya simu ya mtu binafsi siyo kampuni.

Halafu waambie wakuandikie ratiba ya kila siku, mnalala wapi kwa jina, milo mingapi, gari aina gani na watu wangapi ndani, na kama kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo. Hapo ndipo bei ya nusu inapojificha mara nyingi, unafika geti unaambiwa kiingilio ni juu yako, au gari la watu sita mko tisa. Malipo ya hifadhi yanapita kwa kontroli namba ya serikali, kwa hiyo una haki ya kuomba kuona risiti yenye jina la kundi lenu kabla hamjaondoka mjini. Toa sehemu ya hela kushika nafasi, nyingine karibu na siku ya safari, na iandikwe itakuwaje gari likiharibika porini au mmoja wenu akiugua.

Uliza pia dereva na mpishi wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, na kama mnapanda mlima uliza wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanabeba kilo ngapi na wanalala wapi. Wengine watashangaa unauliza nini. Kampuni inayolipa watu wake vizuri itakujibu hapo hapo bila kuzunguka.